Aliyekata Picha ya Moyo

Chilinde, Lilongwe
4 Machi 2001

Papa wangu,

Nilifika muzuri. Ile matola, gari dogo la kubeba mahindi, ilituacha kwenye soko, nikatembea mpaka kwa Mama Ernestine bila kupumzika hata mara moja. Amenipokea. Anakusalimia, anasema umtumie maharagi ya huko kambini Dzaleka, sababu ya hapa hayaivi.

Kliniki ya masista nimeenda. Anayepima moyo ni mama mumoja anaitwa Mukundwa, mufupi, anasema kidogo. Alinipaka ile mafuta ya baridi kwenye kifua, sawa na dokta mugeni alivyofanya kule kambini, akaweka kile chombo, na moyo ukatokea kwenye kioo cha ekografi. Papa, mwanzo ulikuwa muzuri sana. Moyo muzima, vyumba vyote vine, kuta zinaonekana safi, kama ile picha tuko nayo nyumbani. Nikafurahi. Halafu akazungusha kifungo, akakata picha. Upande huu ukapotea, upande huu ukapotea, kikabaki kipande chembamba kama cha papai, tena kibaya, chenye chengachenga. Hicho njo alitazama muda murefu. Alinikataza kusema.

Mwisho akaniambia kuna mlango katikati ya vyumba viwili vya moyo, upande wa kushoto. Kwa bantu bengine unafunguka wote. Wangu umekakamaa, damu inasongamana pale kama bantu siku ya kugawa unga. Afrika Kusini kuna hospitali inapanua huo mlango kwa mrija unaopita ndani ya mshipa wa paja, hawapasui kifua. Masista bako na nafasi moja. Karatasi ya ruhusa iko ndani ya bahasha hii. Sababu sijafika miaka kumi na munane, inaomba saini ya baba.

Mi niko sawa. Nakula. Nalala.

Binti yako,
Rosette


Dzaleka
11 Machi 2001

Rosette mama,

Huku tuko bazima kadiri unga unavyoturuhusu. Barua yako nimeisoma, nikaiacha ipumzike, nikaisoma tena.

Mukundwa si jina la kwetu, na si jina la Malawi. Ulilitaja haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa watu. Unijibu hilo kwanza. Na uniambie nani mwingine alikuwa ndani ya chumba.

Dokta mgeni alikuja hapa na gari la misheni, akakupima mbele ya bantu, akaonyesha moyo muzima, akatoa picha, akasema haoni kasoro. Picha iko ukutani. Jirani yetu Papa Gélase alipoiona alivua kofia. Sasa huyu wa Lilongwe, ndani ya chumba kilichofungwa, anapata moyo uleule, anaukata, anabakiza kipande kibaya, na ugonjwa unatokea ndani ya kipande. Kwa nini haukutokea wakati moyo ulikuwa muzima kwenye kioo?

Unajua kazi yangu ya kule kwetu Uvira. Kabla ya vita mi njo nilikuwa naendesha sinema ya parokia. Padri alikaa nyuma yangu na fimbo. Mwanaume na mwanamuke bakianza kukaribiana pale kwenye kitambaa, fimbo inanigusa bega, naweka kartoni mbele ya mwanga. Kidogo tu, upande huu na upande huu, mpaka babaki miguu. Uvira nzima ilijua kwamba picha ikiwa nyembamba, kuna jambo. Kwa hiyo mtu akikata picha, kuna kitu hataki kionekane. Hilo sikulisoma kwa buku. Mi njo nilikuwa nakata.

Karatasi sisaini. Nimeiweka chini ya godoro. Mtu wa upande ule, binti wa Uvira, na mrija ndani ya mshipa: sihitaji shule kuona mbele. Habari za sindano zao za sumu umezisikia kama mi. Hata kama nusu ni uongo, nusu inayobaki inatosha kuzika mtu.

Papa yako,
Asani


Chilinde
19 Machi 2001

Papa,

Njo, iko Munyarwanda. Ndani ya chumba alikuwepo sista mumoja, alikuwa anasinzia.

Lakini Papa, dokta mugeni alinipima dakika kidogo, na nyuma yangu kulikuwa na bamama ba mimba mpaka inje. Mama Mukundwa alinipima mpaka mkono ukamuuma. Safari ni mwezi wa tano, na masista banafunga majina mbele ya mwezi wa nne kuisha. Usiiache ile karatasi chini ya godoro, panya batakusaidia kuamua.

Mama Ernestine amepata maharagi, anasema asante. Hapa hakuna shida. Unisamehe mwandiko, nimeandika nikiwa nimekaa vibaya.

Rosette


Dzaleka
25 Machi 2001

Kwa Madamu Mukundwa, mpimaji wa mioyo,

Mimi ni baba wa Rosette. Hatujuani, na kati ya bantu ba upande wetu na ba upande wenu, kutojuana huwa njo afya.

Sina haja ya kukusumbua. Nina swali moja, na lina mkia. Moyo wa binti yangu ulikuwa kwenye kioo, muzima, muzuri. Ulizungusha kifungo, ukapunguza. Picha nzuri haina ugonjwa, picha mbaya iko na ugonjwa, na aliyechagua ile mbaya ni wewe. Mtu akinionyesha shamba lote nikaona mihogo imesimama, halafu akanikataza kutazama isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo njo umekauka, nitauliza nani alipita pale usiku.

Mkia wa swali ni huu. Balioingia Uvira na bunduki balikuwa banasema lugha yako. Sikuulizi kama unabajua. Nakuuliza kifungo tu.

Kwa heshima inayostahili,
Asani


Lilongwe
2 Aprili 2001

Mzee Asani,

Barua yako imefika. Umeandika vizuri. Nianze na mkia.

Wale walioingia Uvira na bunduki, mimi nilikuwa mbele yao, nakimbia, na mtoto mgongoni. Nilipita kwenu. Nilifika Malawi mgongo mtupu. Basi, sasa kifungo.

Mashine haioni. Inatuma mlio ambao sikio la mtu halisikii, inangoja mwangwi urudi, inachora mstari mmoja. Inatuma tena, inangoja tena, mstari wa pili. Hivyo hivyo mpaka moyo ujae kwenye kioo. Nikitaka moyo mzima na kuta zote safi, mistari inakuwa mingi, na mashine yetu ni kuukuu, tulipewa ilipokwisha kuwachosha wenyewe. Inapomaliza mstari wa mwisho, mlango wa moyo umekwisha kufunguka na kufunga. Unabaki na picha nzuri ya jambo lililopita. Nikipunguza upana, mistari inakuwa michache, mashine inarudi mapema pale ilipoanza, picha zinafuatana kwa haraka, na mlango naukuta kazini.

Huwezi kuwa na vyote kwenye mashine hii, upana na usafi na haraka. Lazima uache kitu. Mimi niliacha upana wote, na usafi kidogo.

Dokta mgeni hakudanganya. Alitazama kuta, na kuta ni nzima. Ugonjwa hauko kwenye kuta.

Rosette ameniambia ulionyesha sinema. Basi unajua kinachotokea picha zikipita polepole. Njoo utazame mwenyewe, mlango wangu hauna askari. Majina yanafungwa tarehe thelathini ya mwezi huu.

Marie-Goretti Mukundwa


Dzaleka
9 Aprili 2001

Jules, mwana wa dada,

Natumaini cherehani inalia na Mtandire haijakuibia shuka.

Yule Munyarwanda anayempima Rosette amenijibu. Jibu lake ni zuri mno. Mtu mkweli akieleza jambo huwa anajikwaa mahali, anarudi nyuma, anasema ngoja kwanza. Huyu hakujikwaa. Nimelitafuta shimo siku nzima, nimekosa, na kukosa huko njo kunanitia wasiwasi.

Kwa hiyo utaenda wewe. Moyo wako ni muzima, nimekuona ukimaliza nsima ya bantu batatu na kuomba ukoko. Utasema unaitwa Apollinaire, unatoka Fizi, unakosa pumzi ukipanda mlima. Mwache akupime. Akikata picha yako pia na kukuta mlango umekakamaa, tumemshika: kile kifungo kinazaa ugonjwa kwa kila anayelala pale. Akisema uko muzima, tutaona.

Kohoa kidogo, si kama mbuzi. Usinitaje. Usicheke.

Mjomba wako,
Asani


Mtandire, Lilongwe
17 Aprili 2001

Mjomba,

Nilicheka. Ile mafuta ya baridi ikifika kwenye mbavu, hata askofu angecheka.

Nilimwambia Apollinaire, akaandika Apollinaire. Nilimwambia Fizi, akaandika Fizi. Nilikohoa, akaniangalia kama mtu anayeangalia kuku anayejifanya amekufa. Akanipima. Akaonyesha moyo muzima, halafu akakata picha, nami nikasema ndani yangu, njo hapo sasa. Akatazama, akafuta mafuta, akasema, "Moyo wako ni mzima, utatuzika sisi sote. Mwambie Mzee Asani hivyo."

Nikauliza, "Asani njo nani?"

Akanishika kidole cha shahada. "Rosette ana binamu fundi aliyejishona kidole. Hili kovu ni la sindano. Apollinaire wa Fizi naye ni fundi?"

Nikasema njo, balimu wengi ni mafundi. Sijui kwa nini nilisema balimu. Akacheka, Mjomba, mara moja, akafunga mdomo. Halafu akasema, "Kwa kuwa umekuja, lala tena, utazame vizuri. Huenda mzee alikutuma kwa faida."

Akarudisha moyo wangu wote. Safi, kuta zote. Akaniuliza, "Mlango wako umefunguka au umefungwa?" Niliona kitu kinapepesa tu pale katikati, kinaruka, mara kipo, mara hakipo. Sikujua. Mjomba, wangu pia haukuonekana, na mi niko muzima. Akakata. Picha ikawa mbaya, lakini ikaanza kukimbia, na mlango nikauona, unafunguka mpaka ukutani na kurudi, kama pazia la mlangoni upepo ukipita.

Kisha akaweka kaseti. Mashine inashika picha kwenye kaseti ya video, na ile ilikuwa ya Rosette. Kipande kilekile, chembamba vilevile. Mlango wake unajaribu tu. Unatunisha tumbo katikati, ncha hazisogei, kama kola iliyotiwa wanga mwingi.

Ni jambo la cherehani, Mjomba. Ukitaka kujua sindano inaingia wapi wakati nakanyaga, hutazami mashine nzima, meza na gurudumu. Unainama unatazama pale kwenye sindano, vingine unaviacha.

Kuna kitu nilitaka kukaa nacho kimya, lakini najua utakinusa. Nilipita Chilinde kumsalimia Rosette. Mama Ernestine hakuniangalia usoni. Amesema Rosette halali pale tangu katikati ya mwezi uliopita. Alipo hajui, au hataki. Maharagi yako niliyaona kwenye kona, nusu gunia.

Jules


Dzaleka
20 Aprili 2001

Madamu Mukundwa,

Kifungo nimekielewa. Mtu niliyemtuma hajui kudanganya, na hilo limekusaidia kuliko maneno yako yote.

Sasa nieleze kingine. Binti yangu analala wapi? Ana barua zinazosema Chilinde, na Chilinde hayuko. Sikumuuliza yeye, kwa sababu mtoto anayeweza kunishukuru kwa maharagi ambayo hayamfikii amekwisha fuzu. Nakuuliza wewe, uliyejua jina la babake, kazi ya babake na kidole cha binamu yake. Mambo mengi hayo kwa mgonjwa anayekuja kupimwa na kuondoka.

Ikiwa jibu ni lile ninaloogopa, sitakuja peke yangu.

Asani


Lilongwe
23 Aprili 2001

Papa,

Nimeomba Mama Mukundwa aniachie nijibu mi mwenyewe. Amesema niandike pole pole, kwa hiyo barua hii ni ya siku mbili.

Kwa Mama Ernestine nilikohoa damu kidogo kwenye blanketi. Akaogopa ni kifua kikuu, akafikiri batoto bake. Usimchukie. Aliweka begi yangu inje, na ndani yake akafunga chapati na nusu ya maharagi yako. Nilikaa kwenye ngazi za kliniki mpaka Mama Mukundwa akaja na funguo. Aliangalia begi. Jioni akaibeba.

Njo kwake nalala, Papa. Chumba kimoja, nyuma ya soko. Nilisema nalala, lakini kulala sina. Nikilala chali nazama, kama mtu anayeingia ziwani na mdomo wazi. Nakaa, mgongo kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa unaniumiza, akatia yale maharagi kwenye gunia, akaliweka nyuma yangu, akalipigapiga mpaka likashika umbo la mgongo. Yeye analala chini. Mara nyingine nafungua macho namuona anahesabu pumzi zangu, anajifanya anasali.

(Nimepumzika. Hii ni kesho yake.)

Sikukuambia kwa sababu ungekuja kunichukua kabla hujaelewa. Kwa hiyo nami nilikata picha. Niliweka kartoni upande wa Mama Ernestine, nikaweka kartoni upande wa damu, nikakubakizia binti anayekula. Wewe njo ulinifundisha.

Majina yanafungwa Jumatatu.

Rosette


Lilongwe, kwenye benchi ya kliniki
26 Aprili 2001

Madamu,

Anayeleta barua hii ni mimi mwenyewe. Nimeiandika hapa inje kwa sababu nikifungua mdomo nitabadilisha maneno, na mengine nitayameza.

Karatasi iko na saini. Panya balikula kona moja, sehemu ya tarehe. Nimeandika tarehe mpya. Kabla sijakupa, naomba uniwekee ile kaseti, upana kwanza, halafu kipande. Nataka kuuona huo mlango kwa macho yangu. Si kwamba sikuamini. Mi njo nilivyo.

Nimekuja peke yangu. Bantu niliosema nitakuja nao balitaka kujua kwanza kama kuna chakula.

Gunia lililo mguuni kwangu ni maharagi. Lile la kwanza nimesikia liko na kazi nyingine.

Asani


Lilongwe
14 Julai 2001

Mzee Asani,

Rosette amerudi Jumatano pamoja na sista. Anachechemea kidogo kwa ajili ya paja, itaisha. Jana nimempima. Mlango unafunguka. Haufunguki kama wa Apollinaire, na hautafunguka hivyo kamwe, lakini damu inapita bila kugombana. Analala chali, na anakoroma. Hilo halikuwa kwenye maelezo ya hospitali.

Nakutumia picha mbili. Ile pana ni nzuri, najua utaipenda. Ile ya kipande ni mbaya, na hata hapo haionyeshi kitu sana, kwa sababu kilichonifurahisha kilikuwa mwendo, na mwendo haushikiki kwenye karatasi. Utaniamini, au utakuja tena kuketi kwenye benchi.

Kila mwezi atahitaji sindano ili ugonjwa usirudi kwenye mlango. Nitamchoma mimi. Najua inavyosikika kwenu. Uje utazame kila mara, chagua kiti.

Maharagi ya mgongoni tumeyapika. Yaliiva.

Marie-Goretti


Dzaleka
5 Agosti 2001

Mama Mukundwa,

Rosette amefika, amebeba ndoo ya maji kutoka bombani akifikiri sioni. Nilimfuata nyuma, nikahesabu pumzi zake, nikajifanya natafuta mbuzi.

Picha zako nimezitundika pamoja na ile ya dokta mgeni. Bantu banaingia, banasifu zile pana, kile kipande banakipita kama maskini kwenye harusi. Nimejaribu kueleza mistari na mwangwi. Papa Gélase alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Kinyarwanda nimekwisha kukijua chote au bado kidogo. Bengine banasema nilipikiwa kitu kule Lilongwe. Ni kweli, yalikuwa maharagi yangu mwenyewe, lakini nikilisema linazidi kuharibika. Kwenye benchi ya kwaya bamenipunguzia nafasi ya kukaa. Nabaelewa. Ningekuwa mi, ningejitilia shaka mapema zaidi.

Sasa sikia. Papa Gélase ana binti, anaitwa Maombi, wa miaka kumi na minne. Huyu mtoto anasimama katikati ya njia kuvuta pumzi, akijifanya anafunga kiatu, na hana kiatu. Nilimwambia babake asubuhi. Akanijibu mbele ya bantu kwamba hatampeleka mwanawe akafe kwa mkono wa adui, na kwamba mi nimenunuliwa. Jioni akaja kwa mlango wa nyuma, akaangalia kipande muda murefu, kofia mkononi, akauliza kliniki iko upande gani wa soko.

Kwa hiyo wiki hii utaona mtu mnene anayetembea kama askari wa zamani. Atakupa jina lolote, na atasema anakosa pumzi. Ni muzima, namuona kila siku akipandisha baiskeli yake ya kabaza mlimani na abiria nyuma. Usimwambie unajua. Mpake mafuta, mwonyeshe moyo wote kwanza, auone kuta zake na afurahi, halafu umkatie picha na umwache atazame mpaka achoke.

Usimcheke. Binti atafuata.

Asani, baba wa Rosette